Figo Ilikuwa Nzima: Kuhusu Kuvu ya Moyo na Wajibu Wetu kwa Waliopandikizwa Viungo



Katika parokia moja ya kwetu alikuwako mwalimu wa shule ya msingi ambaye figo zake zote mbili zilikuwa zimekufa. Kwa miaka miwili alisafishwa damu kwa mashine, na kwa miaka hiyo miwili jamaa zake waliuza walichokuwa nacho: kwanza mbuzi, kisha kiwanja, mwishowe cherehani ya mkewe. Hatimaye dada yake wa tumbo moja akajitolea figo yake moja. Upasuaji ulifanyika, figo ikaanza kutoa mkojo siku ileile, na sisi tulioitwa na familia kwenda kushukuru pamoja nao, tulikwenda tukashukuru.

Wiki ya saba mwalimu akapata homa. Zahanati ya karibu na kwake ilimpa dawa za malaria. Homa ilipokataa kushuka, akapewa dawa za taifodi. Wiki ya tisa mguu wake wa kushoto ukawa baridi ghafla, ukapauka, naye akalia kwa maumivu usiku kucha. Alipofikishwa hospitali, daktari wa upasuaji alitoa donge lililoziba mshipa mkubwa wa paja, na mguu ukapata damu tena. Donge lile likatupwa pamoja na pamba na bandeji.

Siku kumi na moja baadaye mshipa wa mkono nao ukaziba. Safari hii alikuwapo daktari aliyetia shaka. Alikipeleka kipande cha donge maabara, akaagiza picha ya moyo. Maabara ilijibu kwamba kile hakikuwa damu iliyoganda tu, ilikuwa kuvu. Na picha ya moyo ikaonyesha pando la kuvu hiyo likining'inia kwenye vali, yaani mlango mmojawapo wa moyo, likitikisika kwa kila pigo. Mwalimu aliandikiwa dawa. Familia iliizungukia katika maduka ya dawa ya miji miwili. Alifariki kabla haijapatikana.

Baada ya matanga dada yake alituuliza: «Je, figo yangu ndiyo iliyomuua?»

Hatukuwa na jibu siku ile. Tulianza kuuliza madaktari, wauguzi na wataalamu wa maabara, tukasoma tulichoweza kusoma, na kadiri tulivyozidi kuelewa ndivyo tulivyozidi kuudhika. Hatuandiki kurasa hizi ili kumtafuta daktari mmoja wa kumtwika lawama. Tunaandika kwa sababu kifo kama hiki huitwa mapenzi ya Mungu na watu ambao wangaliweza kukizuia, na sisi hatuko tayari kuitikia amina.

KUVU NA NJIA YAKE

Kuvu, ambayo mitaani huitwa fangasi, si mgeni kwetu. Wakulima wa mahindi na karanga wanaifahamu kwa habari za sumukuvu: mwaka 2004 nchini Kenya, hasa katika sehemu za Ukambani, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa kula mahindi yaliyoota kuvu, na mwaka 2016 msiba wa namna hiyo uliwapata wananchi wa Dodoma na Manyara. Huko kilichoua ni sumu iliyoachwa na kuvu katika chakula. Katika habari tunayoizungumza hapa ni kuvu yenyewe inayoota ndani ya mtu. Huwa ni ya jamii ileile ambayo wataalamu huiita Aspajilasi, au ni ile iitwayo Kandida, ambayo akina mama wanaijua kwa utando mweupe inaouweka midomoni mwa watoto wachanga.

Mbegu za Aspajilasi huelea hewani, ndogo kupita vumbi. Kila mmoja wetu anazivuta kila siku, na mwili wenye kinga huziua bila hata sisi kujua. Lakini aliyepandikizwa figo, ini au moyo hana ruhusa ya kuwa na kinga kamili. Mwili hukiona kiungo kipya kuwa ni mgeni, nao hutaka kukiangamiza. Kwa hiyo mgonjwa humeza dawa za kushusha kinga kila siku, maadamu kiungo kile kimo mwilini mwake. Mlinzi amelazwa usingizi kwa makusudi ili mgeni apokewe. Wengine ambao hawakualikwa nao hupita.

Hapa kuna jambo ambalo limetustaajabisha. Siklosporini, dawa iliyofungua zama mpya za upandikizaji, ilitokana na kuvu iliyopatikana katika udongo uliochukuliwa mwaka 1969 kwenye nyanda za juu za Norway, na Marekani iliidhinisha itumike mwaka 1983. Nayo amfoterisini, dawa kongwe ya kuua kuvu, ilitokana na kijidudu cha udongo wa eneo la mto Orinoco nchini Venezuela. Ugonjwa na dawa vimetoka katika udongo uleule, na udongo hauna hatimiliki mbinguni.

Kuvu hufika moyoni kwa njia zinazojulikana. Hupita katika mirija inayowekwa kwenye mishipa mikubwa ya shingo na kifua, ikiwa imekaa siku nyingi au imeshikwa kwa mikono isiyonawa. Hupita katika kidonda cha upasuaji. Huvutwa mapafuni pamoja na vumbi, hasa pale ukuta unapobomolewa au dari linapofunguliwa jirani na wodi. Nyundo ya fundi mwashi hurusha mbegu nyingi kwa saa moja kuliko ambazo upepo huleta kwa muda mrefu. Ikiisha kuingia katika damu hukamata kwenye vali, huota, hukua kuwa pando kubwa na laini, kisha vipande humeguka na kusukumwa na moyo wenyewe hadi miguuni, ubongoni, machoni, kwenye wengu. Ndiyo maana mguu wa mwalimu ulipoa.

Tena kuvu hii ni hila. Daktari akishuku maambukizi ya vali huchukua damu na kuiotesha maabara. Bakteria wengi huota. Kandida mara nyingi huota. Aspajilasi, hata ikiwa imejaa moyoni, mara nyingi haioti kabisa katika damu hiyo. Karatasi inarudi imeandikwa kwamba hakuna kitu, na asiyejua anastarehe. Ndiyo sababu lile donge la kwanza lilikuwa na thamani kuliko vipimo vyote alivyofanyiwa mwalimu tangu homa ilipoanza.

HESABU YA MWAKA 1998

Mwaka 1998 madaktari wa Marekani walichapisha mapitio ya wagonjwa 46 waliopandikizwa viungo kisha wakapata maambukizi ya vali za moyo: 32 waliokwisha kuandikwa na wengine, na 14 wapya. Hii ilikuwa nchi tajiri, yenye mashine tunazozisikia kwa majina tu. Tunaomba msomaji azisome hesabu hizi polepole, kwa kuwa ndani yake mna mashitaka yote tuliyo nayo.

Nusu ya wagonjwa hao waliambukizwa ama na Aspajilasi ama na aina moja ya bakteria wanaokaa kwenye ngozi. Kati ya 10 waliougua ndani ya siku 30 tangu kupandikizwa, 6 walikuwa na kuvu. Wagonjwa 37 kati ya 46 hawakuwa na kasoro yoyote ya vali kabla ya hapo, maana yake mioyo yao ilikuwa mizima. Na 34 kati ya 46 walikuwa wametanguliwa na maambukizi waliyoyapata hospitalini, hasa katika mirija ya mishipa na vidonda. Walikufa 26. Kati ya hao 26, watu 15 walikufa bila mtu yeyote kushuku kwamba ugonjwa ulikuwa moyoni. Ulijulikana baada ya kifo.

Turudi kwenye ile 34. Wagonjwa watatu kati ya kila wanne hawakuyatoa maambukizi nyumbani wala shambani. Walianza kuambukizwa ndani ya jengo lilelile waliloingia ili wapone. Maneno kama ajali na majaliwa hayana nafasi hapa. Mrija uliosahaulika shingoni una mtu aliyepaswa kuutoa, na mtu huyo mara nyingi ni muuguzi mmoja anayehudumia wodi nzima usiku, asiye na glavu za kutosha wala sabuni kwenye sinki. Anayepanga idadi ya wauguzi na kununua sabuni hakai wodini. Ndiye tunayemwandikia.

Kisha zile 15. Zilijulikana kwa sababu maiti zilichunguzwa. Kwetu uchunguzi wa maiti tunauhusisha na polisi na kesi. Familia inaogopa, hospitali haishauri, mazishi yanaharakishwa, na sababu ya kifo inazikwa pamoja na marehemu. Ikiwa Marekani, pamoja na vifaa vyake vyote, waliukosa ugonjwa huu kwa zaidi ya nusu ya waliokufa, ni nani kwetu anayethubutu kusema kwamba haupo?

«UGONJWA ADIMU»

Tumelisikia neno hili mara nyingi, nalo hutamkwa kwa utulivu unaotutisha. Tunaambiwa: ugonjwa huu ni adimu, bajeti ni ndogo, tuanze na malaria, tuanze na uzazi salama. Anayesema hivyo hujiona kuwa mtetezi wa maskini.

Tunajibu kwanza kwamba uadimu wake haujapimwa. Ugonjwa usiotafutwa huwa adimu siku zote. Pili, haki haigawanywi kwa wingi wa vichwa. Mchungaji wa Injili aliyeacha kondoo tisini na tisa angefukuzwa kazi na wataalamu wetu wa bajeti. Na tatu, hata kwa hesabu zao wenyewe wamekosea. Maabara inayoweza kuitambua kuvu katika donge la mwalimu ndiyo hiyohiyo inayoweza kuitambua Kandida katika damu ya mtoto njiti. Dawa ileile ya amfoterisini ndiyo inayomwokoa mwenye virusi vya UKIMWI aliyepatwa na kuvu ya uti wa mgongo, na hao si adimu, tumewazika wengi. Usafi wa mirija humlinda kila mgonjwa aliyelazwa. Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa, kwa mara ya kwanza, orodha ya kuvu 19 zinazohitaji kupewa kipaumbele, na katika nne za daraja la hatari kubwa kabisa zimo Aspajilasi na Kandida. Mojawapo, Kandida auris, ambayo ilielezwa kwa mara ya kwanza nchini Japani mwaka 2009 na ambayo husugua pua dhidi ya dawa nyingi, imekwisha kuonekana katika damu ya wagonjwa jijini Nairobi. Haihitaji pasipoti kuvuka Namanga.

Wapo pia wanaotuambia kwamba, kama ni hivyo, basi nchi maskini isipandikize viungo kabisa. Hapana. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilipoanza kupandikiza figo Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ilipofuata mwaka 2018, tulifurahi kwa dhati, kwa maana kabla ya hapo njia ilikuwa ni India kwa wachache wenye kupelekwa, na kaburi kwa wengine. Tunachokikataa ni desturi ya kuhesabu upasuaji na kuacha kuhesabu wanaoishi. Siku ya upasuaji kuna kamera, kuna maua, kuna hotuba. Wiki ya saba, homa inapopanda saa nane za usiku katika kijiji kilicho mbali na bingwa, hakuna hata namba ya simu ya kupiga. Mwalimu yule alipewa karatasi ya dawa za kumeza. Hakuna aliyemwambia kwamba homa kwake si homa ya watu wote, wala zahanati haikuandikiwa hata mistari mitatu ya kuionya. Kumfungua mtu tumbo ni kufunga naye agano. Atakayeweza kutimiza siku ya kwanza tu, aseme hivyo kabla hajashika kisu.

DAWA IPO, NA BEI YAKE

Kutibu kuvu ya vali ni kazi nzito. Kwa kawaida huhitajika vyote viwili: upasuaji wa kuondoa vali iliyooza, na dawa za kuua kuvu kwa wiki nyingi, pengine kwa miezi au maisha. Hata wanaotibiwa vizuri, wengi hufa. Hatutaki kumdanganya mtu kwamba mwalimu angepona kwa hakika. Tunasema alinyimwa nafasi.

Dawa ya zamani, amfoterisini ya kawaida, huumiza figo. Fikiri ukatili wake: ili kuuokoa moyo, unaiua figo ambayo dada mtu aliitoa. Ipo amfoterisini iliyofungwa ndani ya chembe za mafuta, ambayo huidhuru figo kidogo zaidi. Ipo vorikonazoli, inayofaa hasa kwa Aspajilasi, na Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2017. Dawa muhimu, maana yake dawa ambayo mfumo wa afya unapaswa kuwa nayo wakati wote. Familia ya mwalimu iliitafuta mji kwa mji na karatasi mkononi.

Tena vorikonazoli haitaki kupewa kwa kubahatisha. Hupandisha mno kiwango cha dawa za kushusha kinga katika damu. Daktari hana budi kupunguza dozi za siklosporini au takrolimasi na kupima damu mara kwa mara, la sivyo figo inasumishwa. Rifampisini ya kifua kikuu hufanya kinyume, huzishusha zote, na kwetu kifua kikuu kipo kila mtaa. Hospitali inayopandikiza pasipo kuwa na uwezo wa uhakika wa kupima viwango hivi inaendesha gari usiku bila taa.

Kuhusu bei, historia inatufundisha kutowaamini wauzaji kabla hawajabanwa. Flukonazoli, ambayo leo ni dawa ya kawaida, mwaka 2000 ilikuwa ghali kupita kiasi Afrika Kusini chini ya hakimiliki ya kampuni moja, wakati Thailand iliuzwa kwa senti. Oktoba mwaka ule mwanaharakati Zackie Achmat alikwenda Thailand na kurudi na vidonge hivyo hadharani, akiivunja sheria ili aonyeshe ni nani hasa mwenye hatia. Mwaka 2018 kampuni ya Gilead ilitangaza kwamba amfoterisini yake ya chembe za mafuta ingeuzwa kwa dola 16.25 kwa chupa katika nchi 116 za kipato cha chini na cha kati, kwa ajili ya kuvu ya uti wa mgongo, na hata hapo Madaktari Wasio na Mipaka walilalamika kwamba nchi nyingi hazikuipata kwa bei hiyo. Mwaka 2022 utafiti uliofanywa Uganda, Malawi, Botswana, Zimbabwe na Afrika Kusini ulionyesha kwamba dozi moja kubwa ya dawa hiyo, pamoja na vidonge, ilitosha kwa ugonjwa huo wa uti wa mgongo sawasawa na tiba ya zamani. Waafrika walitoa miili yao ili jambo hilo lijulikane. Tunauliza kwa sauti: je, mwenye kuvu moyoni atapewa dawa hiyohiyo kwa bei ya nani? Chupa ni moja. Kinachobadilika ni jina la ugonjwa kwenye karatasi.

SOKO LA FIGO

Hatuwezi kulimaliza jambo hili bila kuwagusa madalali. Mahali ambapo tiba ya haki ni finyu, soko hufunguliwa.

Mwaka 1990 jarida la Lancet la Uingereza lilichapisha habari za wagonjwa 130 wa Oman na Falme za Kiarabu, nchi ambazo pwani yetu ina udugu nazo tangu zamani, waliokwenda Bombay kati ya mwaka 1984 na 1988 kununua figo za watu maskini. Vifo vilikuwa vingi kuliko ilivyotarajiwa, na maambukizi ndiyo yaliyoongoza kwa kuua. Baadhi walirudi na virusi vya UKIMWI. Walirudi na karatasi chache au bila karatasi, na madaktari wa nyumbani hawakujua walipewa nini wala figo ilitoka kwa nani. Tangu hapo madaktari wa nchi mbalimbali wameandika habari za watu waliorudi kutoka sokoni na kuvu katika kidonda, kuvu katika mshipa wa figo mpya ukioza hadi kupasuka, kuvu iliyosambaa katika damu. Haishangazi. Dalali hulipwa siku ya upasuaji. Usafi wa chumba, uchunguzi wa mtoaji, wiki ya saba, vyote hivyo kwake ni gharama.

India ilipiga marufuku biashara hiyo kwa sheria mwaka 1994, na mwaka 2008 wataalamu wa dunia walitoa Tamko la Istanbul dhidi yake. Soko lilihama. Mwaka 2025 vyombo vya habari vya Ujerumani vilichapisha uchunguzi kuhusu vijana wa sehemu za Eldoret, nchini Kenya, walioshawishiwa kuuza figo zao kwa wageni wenye fedha, na serikali ya Kenya ikalazimika kuunda kamati ya kuchunguza. Kijana wa bodaboda amerudi nyumbani na kovu, na fedha zimekwisha kabla kovu halijakauka. Agosti 2000 Papa Yohane Paulo wa Pili aliwaambia wataalamu wa upandikizaji waliokutana Roma kwamba kukifanya kiungo cha mwanadamu kuwa bidhaa hakukubaliki kimaadili, naye ni yeye huyohuyo aliyekuwa amekwisha kusifu kutoa kiungo kwa upendo kuwa ni tendo la kishujaa. Dada wa mwalimu na dalali wa Eldoret wametoka katika chumba cha upasuaji cha namna moja. Nchi isiyomlinda wa kwanza inamwandalia biashara wa pili.

TUNACHODAI

Tunaanza na nyumba zetu wenyewe. Kanisa lina hospitali nyingi, nazo hazina kinga dhidi ya lawama hizi. Mumo pia mirija inayosahaulika, na mafundi wanaobomoa ukuta huku wagonjwa wamelala upande wa pili bila hata shuka la nailoni kuzuia vumbi. Tunawataka wasimamizi wake wasimamishe aibu hiyo kabla hawajasoma ukurasa unaofuata wa bajeti.

Kwa Serikali na kwa kila hospitali inayopandikiza, tunadai daftari litakalotolewa hadharani kila mwaka: wangapi wamepandikizwa, wangapi wako hai baada ya mwaka mmoja na baada ya mitano, wangapi wamekufa na kwa nini. Tunadai kwamba kila donge linalotolewa katika mshipa wa mtu aliyepandikizwa liende maabara. Ni amri isiyohitaji mkopo wa Benki ya Dunia. Dawa za kuvu ziwekwe ghalani kabla ya upasuaji wa kwanza wa mwaka na si baada ya kifo cha kwanza. Bima, ya umma au ya binafsi, inayolipia upasuaji na kukataa kulipia kuvu inayofuata upasuaji huo, inamlipia mtu daraja hadi katikati ya mto. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iko Dar es Salaam na hufungua mioyo. Njia ya kumfikisha pale mgonjwa wa namna hii kwa siku moja au mbili iandikwe, ijulikane, isitegemee mtu kuwa na shemeji wizarani.

Na kwenu ninyi ambao mna mgonjwa nyumbani aliyepandikizwa: msikubali homa yake itibiwe kwa kubahatisha. Rudini alikopandikizwa, hata kama ni usiku, hata kama mtaonekana wasumbufu. Ulizeni mrija utatolewa lini. Mguu ukipoa ghafla, mdomo ukipinda, jicho likififia, semeni tangu mlangoni kwamba huyu ana kiungo cha mtu mwingine. Mkifiwa, na daktari akaomba ruhusa ya kuchunguza maiti, fikirini kuhusu yule atakayelazwa kitanda kile wiki ijayo.

Tulirudi kwa dada wa mwalimu mwezi uliopita. Tulikuwa na nakala ya vipimo vya damu vilivyochukuliwa siku mbili kabla ya kifo, tukamwomba muuguzi mmoja wa parokia amsomee mstari wa figo. Kiwango kilikuwa cha mtu mwenye afya. Figo yake ilifanya kazi hadi mwisho. Aliishika karatasi ile kwa muda mrefu, kisha akauliza kama anaweza kubaki nayo.